Kufufua rimoti ya king'amuzi kilichokufa iendeshe kompyuta ya sebuleni: mwongozo kamili

Kompyuta iliyounganishwa na TV ya sebuleni ni raha tupu, mpaka siku mzee wa nyumba anapotaka kuangalia kitu na wewe haupo. Kibodi imelala kwenye kochi, kipanya kinasuguliwa juu ya paja, na kile kimshale cha kwenye skrini hakionekani kwa macho ya mtu wa miaka sabini na ushee. Kwetu, Baba alikuwa akisubiri nirudi kazini ndipo aangalie chochote. Sikupenda kumwona anasubiri ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Rimoti moja tu ndiyo anaijua barabara: ya king'amuzi tulichonunua wakati mitambo ya analojia inazimwa Dar es Salaam, Desemba 2012. Miaka yote hiyo vidole vyake vimejifunza kila kitufe kilipo, hata taa zikizimwa. King'amuzi chenyewe kilishakufa, rimoti ikabaki kwenye droo ya kabati. Nikaona badala ya kumfundisha Baba rimoti mpya, niifundishe kompyuta rimoti ya Baba. Mwongozo huu ni wa kazi hiyo, hatua kwa hatua, pamoja na mahali nilipokwama.

Mashine yangu ni kompyuta ya mezani ya mtumba, ya zile ndogo zilizotoka maofisini. Ndani kuna Linux Mint ya Xfce, ambayo haielemei mashine kuukuu, na programu ya Kodi ya kuchezea video, muziki na picha. Amri zote hapa chini ni za mfumo huo.

Njia zilizopo, kabla hujatoa pesa

Anza na HDMI. Kama unatumia Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, huenda huhitaji kununua kitu. Waya wa HDMI hubeba pia mawasiliano yanayoitwa CEC, na kwa njia hiyo rimoti ya TV yenyewe huweza kuiendesha Kodi. Kwenye menyu ya TV kila kampuni imeipa CEC jina lake: Samsung huiita Anynet+, LG huiita SimpLink, Sony ni Bravia Sync, Philips ni EasyLink. Iwashe, chomeka, jaribu mishale. Ikikubali, kazi yako imeisha hapo. Kwa bahati mbaya kompyuta za mezani karibu zote hazina CEC kwenye tundu lao la HDMI, mpaka ununue kifaa cha kati kama kile cha Pulse-Eight. Ndiyo maana mimi niliiacha njia hii.

Ya pili ni zile rimoti za mawimbi ya redio, 2.4 GHz, zinazokuja na kidude cha USB. Unachomeka, kompyuta inadhani ni kibodi, basi. Zinapenya hata mlango wa kabati, na kwa kijana zinatosha kabisa. Ubaya wake ni kwamba kidude kikipotea, mara nyingi rimoti nayo ndiyo imekwisha. Jambo moja wauzaji hawalisemi: matundu ya USB 3 hutoa kelele ya umeme kwenye masafa hayohayo ya 2.4 GHz. Ukiona rimoti inakwama ukiwa umbali wa hatua tatu tu, hamishia kidude kwenye tundu la USB 2, au kiweke mwisho wa waya wa USB wa kurefushia, mbali na kasha la kompyuta. Wengi hurudisha rimoti dukani wakidhani ni mbovu kumbe ni hilo.

Ya tatu ni kipokezi cha Flirc. Hiki unakifundisha rimoti yoyote ya infraredi kwa programu yake, kitufe kwa kitufe, nacho kinajifanya kibodi. Mafunzo yanahifadhiwa ndani ya kipokezi chenyewe, kwa hiyo ukikihamishia kompyuta nyingine kinaendelea kufanya kazi. Kama hupendi kuandika amri, au unatumia Windows, nunua hiki na uache kusoma hatua za katikati.

Mimi nilichagua ya nne: kipokezi cha USB cha zile rimoti za Windows Media Center za zamani. Hupatikana kwa wauza vifaa vya mtumba, mara nyingi bila rimoti yake, na kwa kuwa hakina rimoti watu hudhani hakina kazi. Kumbe Linux inayo draiva yake tayari, inaitwa mceusb, na kipokezi hicho husikia rimoti za makampuni mengi, si yake tu.

Hatua ya kwanza: hakikisha rimoti iko hai

Fungua kamera ya simu, elekeza pua ya rimoti kwenye lenzi, bonyeza kitufe chochote. Ukiona nukta ya rangi ya zambarau inamekameka, rimoti inatuma miale. Macho yetu hayaioni miale hiyo, kamera inaiona. Baadhi ya kamera za nyuma zina kichujio kinachoizuia, kwa hiyo usipoona kitu jaribu kamera ya mbele kabla hujaihukumu rimoti.

Rimoti ya Baba ilimekameka kwa vitufe vya namba tu. Mishale na OK, vilivyobonyezwa kuliko vyote, kimya. Niliondoa betri, nikapitisha ukingo wa kadi ya zamani ya benki kwenye mstari unaounganisha vipande viwili vya plastiki, kikafunguka kwa mlio mdogo. Ndani kuna ubao wa saketi na juu yake mpira wenye vitufe. Chini ya kila kitufe mpira huo una kidoa cheusi ambacho, ukibonyeza, hugusa ubao na kuunganisha njia. Vidoa vya mishale vilikuwa na utelezi, mafuta ya vidole ya miaka yote yale. Pamba na spiriti kidogo, futa ubao, futa vidoa taratibu bila kukwangua, acha vikauke, rudisha. Ukikuta kutu ya kijani kwenye chemchemi za betri, ipanguse kwa siki kwenye pamba, kisha futa kwa spiriti. Dakika ishirini, na vitufe vyote vikarudi.

Hatua ya pili: kipokezi kitambulike

Chomeka kipokezi, fungua dirisha la amri, uweke programu inayohitajika:

sudo apt install kodi ir-keytable

Kisha andika:

sudo ir-keytable

Utaona orodha ya vipokezi. Tafuta chenye neno mceusb kwenye mstari wa draiva. Juu yake kuna jina kama rc0 au rc1. Likumbuke, maana amri zinazofuata zinalihitaji. Kwangu ni rc0.

Angalia pia mstari unaoonyesha lugha (protocols) zilizowashwa. Rimoti za infraredi haziongei lugha moja. Ile ya Media Center huongea RC-6, nyingi za Asia huongea NEC, Sony wana yao, na Philips walianzisha RC-5. Kipokezi hiki kikichomekwa huwashiwa RC-6 peke yake, kwa sababu draiva inategemea rimoti yake. Hapa ndipo wengi hukata tamaa: wanabonyeza, hakuna kinachotokea, wanadhani kipokezi kimeungua.

Hatua ya tatu: isikilize rimoti

Washa lugha nyingi kwa pamoja na uanze kusikiliza:

sudo ir-keytable -s rc0 -p nec,rc-5,rc-6,sony,jvc,sanyo -t

Elekeza rimoti, bonyeza mshale wa juu mara moja. Mstari utatokea wenye jina la lugha ndani ya mabano na namba inayoanza na 0x. Hiyo namba ndiyo sahihi ya kitufe hicho. Chukua karatasi, andika jina la kitufe na namba yake, nenda kinachofuata. Usiruke hata kimoja kati ya unavyotaka kuvitumia, na kila kimoja kibonyeze mara mbili uhakikishe namba ni ileile. Niliifanya kazi hii na Baba pembeni. Yeye anabonyeza na kutaja jina, mimi naandika, na kwa njia hiyo nikajua vitufe gani anavitumia kweli. Havikuzidi kumi na vinne.

Kama hakuna mstari wowote unaotokea wakati kamera ilionyesha miale, rimoti hiyo huenda inaongea lugha ambayo haimo kwenye orodha. Baadhi ya ving'amuzi vina lugha zao wenyewe. Usipoteze siku nzima, jaribu rimoti nyingine: ya redio ya zamani, ya deki ya DVD, yoyote isiyo na mwenyewe.

Na neno “isiyo na mwenyewe” nalisisitiza. Ukitumia rimoti ya king'amuzi ambacho ndugu yake bado yuko hai chini ya TV, kila ukibonyeza vyote viwili vitatii. Chagua rimoti ya kifaa ambacho hakimo tena humo ndani.

Ukimaliza, bonyeza Ctrl na C kutoka.

Hatua ya nne: andika kamusi ya vitufe

Sasa tunaiambia kompyuta kila namba ina maana gani. Tengeneza folda na faili:

sudo mkdir -p /etc/rc_keymaps
sudo nano /etc/rc_keymaps/baba.toml

Ndani andika hivi, ukiweka namba zako badala ya zangu:

[[protocols]]
name = "baba"
protocol = "nec"
variant = "nec"
[protocols.scancodes]
0x4010 = "KEY_UP"
0x4011 = "KEY_DOWN"
0x4012 = "KEY_LEFT"
0x4013 = "KEY_RIGHT"
0x400d = "KEY_ENTER"
0x400f = "KEY_BACKSPACE"
0x401a = "KEY_SPACE"
0x401b = "KEY_X"
0x401c = "KEY_S"
0x401d = "KEY_F10"
0x401e = "KEY_F9"
0x4020 = "KEY_C"
0x4021 = "KEY_I"
0x4022 = "KEY_T"

Kama hatua ya tatu ilikuonyesha necx badala ya nec, acha protocol iwe nec, ila kwenye variant andika necx.

Utauliza kwa nini kitufe cha OK nimekiita KEY_ENTER wakati lipo jina KEY_OK. Jioni nzima ilinipotea hapo. Majina ya vitufe ndani ya Linux yana namba, na mfumo wa picha wa X11, ambao Mint ya Xfce huutumia, haupitishi kitufe chenye namba kubwa kupita 247. KEY_OK ni 352. Kwa hiyo unabonyeza OK, kipokezi kinasikia, kernel, yaani kiini cha Linux, inasikia, halafu inaishia njiani na Kodi haipati kitu. Mishale inafanya kazi, OK haifanyi, na hakuna ujumbe wa kosa popote. Ukitumia majina ya vitufe vya kibodi ya kawaida, tatizo hilo halikukuti.

Faida nyingine ni kwamba Kodi tayari inavijua vitufe hivyo vya kibodi, huhitaji kuihariri. Enter huchagua na Backspace hurudi nyuma. Kitufe cha nafasi (Space) husimamisha na kuendeleza, X huzima kinachochezwa, C hufungua menyu ya kando, I huonyesha maelezo, T huwasha na kuzima maandishi ya tafsiri. F9 hupunguza sauti na F10 huongeza. Nimekwepa vitufe maalumu vya sauti kwa makusudi, kwa sababu dawati la Xfce navyo huvikamata, na sauti ikawa inabadilishwa mahali pawili kwa mbonyezo mmoja.

Kitufe chekundu cha kuzimia nimekipa S, ambayo kwenye Kodi hufungua menyu ya kuzima. Usikipe KEY_POWER. Mfumo unaweza kuipokea amri hiyo moja kwa moja na kuzima mashine papo hapo bila kuuliza, na mjukuu mwenye rimoti mkononi atakukatia mpira dakika ya themanini na tisa. Menyu ya S inampa mtu nafasi ya kurudi nyuma.

Hifadhi faili, kisha ipakie:

sudo ir-keytable -s rc0 -c -w /etc/rc_keymaps/baba.toml

Bonyeza mshale. Ukiwa bado kwenye dirisha la amri utaona kishale kinapanda kwenye amri zilizopita, na OK inashusha mstari mpya. Fungua Kodi ujaribu kila kitufe kilichoko kwenye karatasi yako.

Hatua ya tano: isisahau ikizimwa

Ulichofanya mpaka sasa kitapotea kompyuta ikizimwa. Fungua faili la mipangilio:

sudo nano /etc/rc_maps.cfg

Humo kuna mistari mingi. Juu ya yote isiyoanza na alama ya reli (#) ongeza wako:

mceusb * baba.toml

Maana yake: kipokezi chochote cha draiva ya mceusb kikichomekwa, kipewe kamusi ya baba. Kama kuna mstari mwingine wa mceusb chini yake, uwekee alama ya reli mwanzoni usije ukaingilia. Washa upya kompyuta, halafu hakikisha:

sudo ir-keytable -s rc0 -r

Ukiona namba zako zimeorodheshwa, imekubali.

Sasa Kodi yenyewe ifunguke bila mtu kugusa kibodi. Kwenye mipangilio ya Mint kuna sehemu ya dirisha la kuingilia. Washa kuingia moja kwa moja kwa mtumiaji wa sebuleni. Kisha kwenye orodha ya programu zinazoanza zenyewe ongeza amri moja, kodi.

Umeme unapokatika

Hili kwetu si la nyongeza, ni la msingi. Umeme ukirudi, kompyuta ya mezani kwa kawaida hukaa imezima mpaka mtu aguse swichi yake, na mzee hatapiga magoti nyuma ya TV kuitafuta. Ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta yenyewe, wakati wa kuwaka, F2 kwa Dell, F10 kwa HP, utafute mpangilio wa umeme unaporudi. Dell huuita “AC Recovery”, HP huuita “After Power Loss”. Uweke kwenye kuwaka. Kuanzia hapo umeme ukirudi mashine inawaka, Mint inaingia, Kodi inafunguka, na rimoti inafanya kazi.

Kuhusu kuilaza na kuiamsha kwa rimoti, vipokezi vingi vya Media Center huamka kwa amri ya kitufe cha nguvu cha rimoti yao halisi tu, ile ya RC-6. Rimoti ya king'amuzi haitaiamsha. Kama kulaza na kuamsha ni lazima kwako, rudi kwa Flirc, hicho hukubali kufundishwa rimoti yoyote kuamsha. Sisi tumeamua Baba anazima kwa kitufe chekundu usiku, asubuhi anawasha kwa swichi ya kwenye kasha, ambalo nimelihamishia pembeni ya TV mkono unapofika. Kuiacha inawaka usiku kucha ni kuchoma yuniti za LUKU bure.

Kero ndogondogo

Mbonyezo mmoja unaruka mistari miwili. Hii ni kasi ya kurudia. Chini ya X11 haisaidii kuibadilisha kwa ir-keytable, kwa sababu X hurudia kwa hesabu yake yenyewe. Fungua mipangilio ya kibodi ya Mint, sehemu ya kurudia herufi, weka kusubiri milisekunde 500 na kasi ya 10. Kwa mtu anayebonyeza pole pole na kwa nguvu, kama Baba, ongeza kusubiri mpaka 700.

Rimoti inafanya kazi usiku, jioni inagoma. Jua limepata nafasi kwenye dirisha na linapiga usoni mwa kipokezi. Mwanga wa jua una infraredi nyingi mno, kipokezi kinapofushwa. Sogeza kipokezi kwenye kivuli cha TV, au shusha pazia. Kioo cha kabati hakizuii miale, mbao zinazuia, kwa hiyo kipokezi kisiwe nyuma ya mlango.

Rimoti inakubali ukiwa karibu tu. Betri kwanza. Zibadilishe zote mbili kwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu. Kisha futa pua ya rimoti na uso wa kipokezi, kwani vumbi letu la kiangazi hukaa hapo kama unga.

Simu iwe akiba

Siku rimoti imejificha chini ya mto wa kochi, simu inaokoa. Kodi ina programu yake rasmi ya Android, inaitwa Kore. Kwenye mipangilio ya Kodi ingia “Services”, kisha “Control”, ruhusu uendeshaji kwa HTTP, acha poti ya 8080, na weka neno la siri lako mwenyewe. Simu na kompyuta vikiwa kwenye Wi-Fi moja, Kore itaitafuta kompyuta yenyewe. Neno la siri usiliache wazi, kwani kila mgeni unayempa Wi-Fi ataweza kuendesha TV yako.

Kilichobaki ni kuhifadhi. Nakili baba.toml na rc_maps.cfg kwenye flashi, pamoja na picha ya ile karatasi ya namba, maana diski za kompyuta za mtumba hufa bila taarifa. Na ukipita kwa fundi wa vifaa vya zamani ukaona rimoti ya aina ileile, inunue. Namba zake ni zilezile, ya pili itafanya kazi papo hapo bila kuandika hata mstari mmoja. Ya kwetu ya pili iko kwenye droo ileile ya kabati, imefungwa kwenye nailoni, betri nimezitoa zisije zikavuja.